Uzi: Harrier Anaconda au Mazda CX-5 ya dizeli? Nilimshauri mdogo wangu vibaya, narekebisha hapa

Wakuu, habari za muda huu.

Mdogo wangu yuko Njombe, ni mtu wa mbao na parachichi. Wiki haipiti hajashuka Makambako, Iringa au Mbeya. Mwezi uliopita alinipigia akiwa na hela tayari, amechuja mpaka akabaki na gari mbili, zote za 2016: Harrier ya 2.0, hii tunayoiita Anaconda, na Mazda CX-5 ya dizeli, 2.2. Akaniuliza, "Kaka, nichukue ipi?" Mimi nina Harrier ya 2014, huu mwaka wa nne, naipenda sana. Nikamjibu palepale: chukua Harrier, usijisumbue.

Baada ya kukata simu nikakaa nikalifikiria jibu langu. Shemeji yangu ana CX-5 ya dizeli. Anakaa Sinza, Dar, ofisi yake iko Posta, kila siku ni foleni, na mwezi uleule nilikuwa naye gereji akihangaika na taa ya DPF, chujio la masizi ya dizeli. Nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: shemeji amenunua gari ya mtu wa Njombe, na mimi nimemwambia mtu wa Njombe anunue gari ya Sinza.

Kwa hiyo nimeandika uzi huu. Ni mrefu, lakini mtu anayetaka kutoa mamilioni ya shilingi ana haki ya kusoma kitu kirefu.

Tuelewane kwanza ni gari zipi

Harrier ninayoisema siyo tako la nyani, ile ya zamani. Ni kizazi cha tatu, kilichotoka Japani mwishoni mwa 2013. Chesesi ikianza na ZSU60 ni 2WD, ZSU65 ni 4WD, zote injini ya petroli 3ZR-FAE, cc 1986. Ukikuta AVU65 hiyo ni haibridi ya 2.5, habari nyingine kabisa.

CX-5 ni kizazi cha kwanza, KE, kilichotoka Februari 2012 na kikachukua tuzo ya gari ya mwaka ya Japani ya 2012-2013. Hapa ndipo watu wanaponunua wasichokijua, kwa sababu gari ileile kwa nje ina injini tatu tofauti. KE2FW na KE2AW ni dizeli ya cc 2188. KEEFW na KEEAW ni petroli ya 2.0. KE5FW na KE5AW ni petroli ya 2.5. Herufi ya nne ndiyo inayokwambia magurudumu yanayovuta: F ni ya mbele tu, A ni yote manne. Usilipe hata senti kabla hujaisoma chesesi. Nimeshaona tangazo la yadi limeandikwa "CX-5 petrol" na chesesi ni KE2FW.

Kwa vipimo, Harrier ina urefu wa mm 4720, upana 1835, kimo 1690. CX-5 ni fupi, 4540, lakini pana kidogo zaidi, 1840, na kimo 1705. Cha kushangaza ni kwamba umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma kwenye CX-5 ni mkubwa kuliko wa Harrier: 2700 dhidi ya 2660. Yaani urefu wa ziada wa Harrier umeenda kwenye pua na mkia, ndiyo maana inaonekana ya kitajiri ikiwa imepaki. Kutoka ardhini, Harrier ni mm 190, CX-5 ni 210. Sentimita 2 zinaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye barabara ya shambani yenye mgongo wa nyasi katikati, ni tofauti ya kupita na kusikia chini kunasugua.

Nguvu, na kwa nini namba ya farasi inadanganya

Wengi tunaangalia nguvu farasi peke yake. Harrier 151, CX-5 ya dizeli 175. Mtu anasema tofauti ni 24, si kitu.

Namba ya kuangalia ni ile ya Nm, nguvu ya kuvuta. Harrier inatoa Nm 193, na inazitoa injini ikiwa kwenye mizunguko 3800 kwa dakika. CX-5 ya dizeli inatoa Nm 420 ikiwa kwenye mizunguko 2000 tu. Ni zaidi ya mara mbili, na inazipata huku injini ikiwa bado imetulia.

Wiki tatu zilizopita nilimwomba shemeji tupande wote Njombe, gari mbili, tukabadilishana Mikumi. Nilitaka kuisikia tofauti kwa mguu wangu mwenyewe. Mpaka Morogoro hakuna cha kusimulia. Ni malori, tochi za trafiki na mwendo wa hamsini wa vijijini, gari yoyote inakwenda sawa. Ndani ya hifadhi ya Mikumi unatembea taratibu kwa ajili ya wanyama. Baada ya Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu, ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu mbele yako kuna Kitonga.

Anayeijua Kitonga anaelewa. Kona kali, mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, na mbele yako lori lenye mzigo linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nafasi salama ya kulipita ni chache sana na fupi, na ikipatikana gari inatakiwa iitike hapohapo.

Nilipanda nikiwa kwenye CX-5. Nilikanyaga kidogo tu, tabo ikashika, gari ikaondoka bila kelele. Giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia 6, unaisikia inashusha gia moja na kazi imeisha. Shemeji alikuwa nyuma yangu kwenye Harrier yangu. Tulipofika juu, kabla ya Ilula, akaniambia, "Shemeji, gari yako inalia sana mlimani." Alikuwa sahihi. Harrier ina CVT, haina gia za kupanda na kushuka, kwa hiyo ukikanyaga inapandisha mizunguko mpaka 5000 na kuiacha pale mpaka mwendo uifuate. Si ubovu, ndivyo CVT inavyofanya kazi, na ukiwa peke yako kwenye tambarare huisikii kabisa. Lakini ukiwa na watu watano, mabegi na gunia la viazi, pale Kitonga utaisikia.

Mafuta. Tulijaza Dar, tukajaza tena Njombe, zaidi kidogo ya kilomita 700. Harrier ilitoa kilomita 12 kwa lita. CX-5 ilitoa 16. Vipimo vya Japani vya JC08 vinasema Harrier 2WD ni 16.0 na CX-5 ya dizeli 2WD ilipotoka ilikuwa 18.6, lakini vile ni vipimo vya maabara, visikupotoshe. Chukua hizi za kwetu: lita 59 za petroli dhidi ya lita 44 na nusu za dizeli, safari moja, abiria wanaolingana. Bei za kikomo za EWURA zinabadilika kila mwezi, kwa hiyo sitaki kukuwekea shilingi hapa, piga mwenyewe kwa bei ya leo. Mdogo wangu akija Dar mara moja tu kwa mwezi anaokoa karibu lita 30 kwenda na kurudi, bado hujagusa Makambako na Mbeya.

Sasa upande wa pili: foleni

Ningeishia hapo, kila mtu angekimbilia dizeli. Ndivyo shemeji alivyofanya. Alisoma 420 Nm, akasoma 18.6, akanunua.

Injini ya dizeli hutoa masizi. Zamani yalitoka kama moshi mweusi. Gari kama CX-5 ina DPF, chujio linalonasa masizi hayo kwenye njia ya moshi. Chujio likikaribia kujaa, injini yenyewe inanyunyiza dizeli ya ziada ili joto la moshi lipande na masizi yaungue yawe majivu kidogo. Kazi hiyo inahitaji muda na mwendo usiokatika. Ukiwa njiani kwenda Morogoro inafanyika na wewe hujui hata kama imefanyika.

Sinza mpaka Posta asubuhi ni kusimama na kusogea, kusimama na kusogea. Shughuli ya kuchoma inaanza, unafika ofisini, unazima gari. Jioni inaanza tena, unafika nyumbani, unazima. Chujio halimalizi kazi yake hata siku moja. Na ile dizeli ya ziada ambayo haikuungua, sehemu yake inapita pembeni ya pistoni inashuka kwenye oili. Oili badala ya kupungua, INAONGEZEKA. Chomoa kijiti cha oili cha CX-5 ya dizeli utaona juu ya alama ya "F" kuna alama ya "X". Waliotengeneza gari walijua jambo hili, ndiyo maana wakaweka alama. Oili ikifika kwenye X, imwage hata kama kilomita hazijatimia, kwa sababu imeshakuwa nyepesi na haiilindi injini tena.

Shemeji hakujua. Aliona oili iko juu akafurahi kwamba gari "haili oili". Gereji aliyokuwa anapeleka nayo ilikuwa inamwekea oili ya dizeli ya kawaida, ile ya malori, wakati gari yenye DPF inataka oili ya majivu machache: kwenye kopo tafuta DL-1 au ACEA C3. Mambo mawili hayo yakikutana na foleni, taa ya DPF lazima iwake. Ilipowaka, fundi akamwambia suluhisho ni kulitoa chujio na kulitoboa. Nashukuru Mungu alinipigia kabla hawajaanza kukata. Tulibadilisha oili, tukaiwasha tukaenda Chalinze na kurudi bila kusimama sana, taa ikazima. Kosa halikuwa la gari. Gari ilikuwa inaomba kitu kimoja tu, barabara, na hakuna aliyeipa.

Niseme hili kwa uzito: kutoboa DPF si matengenezo. Unatoa moshi ambao watoto wako wanauvuta kwenye foleni ileile. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa ndogo, 50 ppm, tangu Januari 2015, moja ya sababu ikiwa ni kuziwezesha gari za namna hii kufanya kazi vizuri. Tumepewa mafuta safi, halafu tunakata chujio kwa msumeno.

Kwa foleni, Harrier inashinda na ushindi wenyewe si mdogo. CVT mjini ni laini kama maji. Petroli yake hii ya 2.0 haina DPF, haina tabo, haina presha kubwa ya nozeli. Mimi napata kilomita 8 kwa lita kwenye foleni za Mwenge na Kimara. Ya shemeji hapohapo inapata 10 mpaka 11, kwa hiyo kwa mafuta peke yake bado dizeli inaongoza. Lakini ukishakuwa na mwendo wa kilomita 15 kwa siku, akiba hiyo ni lita chache kwa mwezi, na unaiweka rehani kwa chujio na nozeli. Haifai.

Hesabu ya TRA, na hapa nisomeni taratibu

Japani zilipotoka mpya, Harrier ya chini kabisa ilianzia yeni 2,720,000. CX-5 ya petroli ilianzia 2,050,000 na ya dizeli 2,580,000. Kwa hiyo Harrier ilizaliwa ghali, na hata kwenye minada leo inabaki juu kwa sababu nchi nyingi zinaigombania.

Bei ya Japani ni nusu ya habari. Kwa Tanzania, gari ndogo iliyotumika inalipa ushuru wa forodha 25%. Juu yake ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: kutoka cc 1001 mpaka 2000 ni 5%, zaidi ya 2000 ni 10%. Halafu ushuru wa uchakavu: miaka 8 mpaka 10 ni 15%, zaidi ya 10 ni 30%, chini ya 8 hulipi. Mwisho VAT 18% juu ya jumla yote hiyo.

Tuseme gari zote mbili zimefika bandarini kwa CIF (bei ya gari pamoja na bima na usafiri mpaka bandarini) ya dola 10,000, zote ziko kwenye miaka 8 mpaka 10. Harrier, cc 1986: forodha 2,500, inakuwa 12,500. Asilimia 5 ni 625, uchakavu 1,875, jumla 15,000. VAT 2,700. Kodi yote ni dola 7,700. CX-5 ya dizeli, cc 2188: kila kitu kilekile ila ushuru wa bidhaa ni 1,250 badala ya 625, na VAT inapanda nao. Kodi yote ni dola 8,437 na nusu. Cc 188 zilizovuka mstari zimekugharimu dola 737 na nusu.

Lakini mstari unaouma kuliko wote ni wa miaka. Harrier ileile ya dola 10,000 ikivuka miaka 10, kodi inatoka 7,700 inakuwa 9,912 na nusu. Ikiwa chini ya miaka 8, kodi ni 5,487 na nusu tu. Wengi tunakimbilia gari iliyovuka miaka 10 kwa kuwa CIF yake ni nafuu ya dola 1,500 kuliko ya chini ya miaka 8, kumbe bandarini kodi yake inazidi kwa zaidi ya dola 2,900. Kabla hujachagua mwaka, fungua kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, weka modeli, mwaka na injini. Na ujue kwamba TRA wana thamani zao kwenye mfumo, ankara yako ikionyesha bei ndogo kuliko yao hawataifuata. Bado kuna tozo ya reli, uchakataji wa forodha, usajili, wakala na gharama za bandari. Hizo hazichagui kati ya gari hizi mbili, kwa hiyo sizichambui.

Kuna jambo wengi hawalijui: Harrier ya tabo, 8AR-FTS, iliyoingia Juni 2017 na maboresho, ina nguvu farasi 231 na Nm 350, giaboksi ya gia 6, na injini yake ni cc 1998. Inalipa 5% ileile ya Harrier ya kawaida. Haibridi ya cc 2493 inalipa 10%. Mwenye mfuko mnene na anayependa Harrier, tabo ndiyo iliyojificha pale.

Wakenya mnaosoma, kwenu hesabu ni tofauti. Gari isizidi miaka 8, na ushuru wa bidhaa wa 25% unaigusa injini yoyote ya petroli inayozidi cc 1500 mpaka 3000, na dizeli ya 2.2 nayo iko humohumo. Kwa hiyo dizeli haiadhibiwi kwa cc zake kama huku kwetu. Labda ndiyo maana CX-5 za dizeli nimeziona nyingi Nairobi kuliko Dar.

Spea na mafundi

Hapa sitazunguka. Harrier inashinda. Injini ya 3ZR iko kwenye Voxy na Noah za kuanzia 2007, Premio na Allion za 2.0, Wish, RAV4. Ukienda Ilala au Kariakoo ukataja 3ZR, kijana wa dukani hahitaji kufungua simu. Vitu vingi vya miguuni vinafanana na RAV4 ya wakati wake. Ukipata ajali ndogo Songea, spea inapatikana na basi la kesho.

CX-5, spea za kawaida zipo: pedi za breki, filta, bushi, shokapu. Ukifika kwenye sensa za DPF, nozeli au betri maalumu ya mfumo wa kuzima injini kwenye taa, uwe na subira au uagize. Fundi naye umchague. Muulize swali moja tu kabla hajafungua boneti: "Oili ya gari hii inatakiwa iwe ya aina gani?" Akikujibu "yoyote ya dizeli", mshukuru uondoke.

Oili ya giaboksi nazo zisichanganywe. CVT ya Harrier inataka CVT Fluid FE, giaboksi ya CX-5 inataka ATF FZ. Mtu akikwambia ana oili moja ya giaboksi zote, kimbia.

Kwa kuuza tena, Harrier ukiitangaza asubuhi, jioni simu haipoi. CX-5 inauzika, lakini unasubiri mtu anayeijua. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni wezi: vioo vya pembeni na taa za Harrier vina soko, kwa hiyo siku ya kwanza tu chora namba ya gari kwenye vioo na taa zote.

Ndani

Harrier ni starehe zaidi, sina ubishi. Kiti cha nyuma kinalala, sauti ya barabara haiingii sana, na mama yangu mwenye magoti mabovu anapanda bila kusaidiwa. CX-5 imekaza miguu, shimo unalisikia zaidi, ila kwenye kona imetulia kiasi kwamba unajiamini. Kiti chake cha nyuma kinakunjwa vipande vitatu, 4:2:4, kwa hiyo unaweza kupitisha mbao ndefu katikati na bado watu wawili wakakaa. Kwa mdogo wangu hilo si dogo.

Zote mbili 4WD zake ni za utelezi na matope ya kawaida. Hazina gia nzito ya chini. Mtu asikudanganye kwamba utazitumia kama Prado.

Nyongeza: majibu ya mliouliza

Mkuu wa Tegeta aliyeuliza kuhusu CX-5 ya petroli 2.0: asante sana, hilo ndilo swali zuri kuliko yote. Watu wanaisahau. Ina nguvu farasi 155 na Nm 196, karibu sawa na Harrier, lakini ni nyepesi kuliko Harrier kwa zaidi ya kilo 100, ina gia 6 za kawaida, haina DPF, injini ni cc 1997 kwa hiyo inalipa 5%. Na kwa kuwa haina jina la Harrier, CIF yake mara nyingi iko chini kwa gari ya mwaka na hali ileile. Kama unakaa mjini, huna haja ya kuonekana, na unataka kubaki na akiba ya tairi na bima kubwa, chukua hiyo. Shemeji angekuwa nayo leo, tusingeonana gereji.

Dada aliyeuliza kuhusu kilomita zilizorudishwa: dai karatasi ya mnada, siyo picha. Alama ya 4 au 4.5 ni salama, 3.5 isome kwa makini, R au RA ina maana iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Kwa CX-5 ya dizeli ongeza jambo moja: angalia ilikotumika. Gari ya kilomita 110,000 iliyotembea barabara kuu inanifaa kuliko ya kilomita 45,000 iliyokuwa inapeleka mtoto shule dakika 5 kila asubuhi. Dizeli ya kilomita chache sana inanitia wasiwasi, sijifichi.

Kaka wa Dodoma unayesafiri Dar kila mwezi na katikati ya mwezi unatembea Area D mpaka mjini tu: wewe uko katikati. Ukiweza kujiwekea nidhamu ya kuitoa gari barabarani nusu saa kila wiki, dizeli itakulipa. Ukijijua kwamba hutafanya hivyo, chukua petroli ulale.

Na aliyesema nimelipwa na wauza Mazda: mkuu, gari iliyopaki nje kwangu ni Harrier na siiuzi. Nakaa Dar. Kwa maisha yangu ni gari sahihi.

Mdogo wangu alichoamua

Nilimpigia tena tulipotoka Njombe, nikamwambia nilimjibu haraka na nilikosea. Nikamweleza Kitonga, nikamweleza X ya kwenye kijiti, nikamwonyesha ile dola 737 na nusu. Akaniuliza itarudi lini. Tukapiga hesabu kwa safari zake, lita kwa lita, kwa bei ya pampu ya Njombe. Alipoona jibu akacheka, akasema, "Kaka, ungeniacha ninunue ile ingine."

Amelipia KE2AW ya 2016, alama ya 4, kilomita 98,000, 4WD kwa ajili ya matope ya Ludewa. Nimemwagizia oili ya C3, lita 6, maana injini inachukua 5 na kidogo, ikitua tu imwagwe iliyomo iwekwe mpya kabla haijapanda kwenda Njombe. Meli inatarajiwa Dar mwisho wa mwezi ujao. Ikishatoka bandarini nitaweka hapahapa risiti moja baada ya nyingine, ili kila mtu aone shilingi ilipokwenda.